Chungu ni Kipi, Sahani ni Ipi

Nianze na lile ambalo fundi hapendi kulisema: ile bodi ya msikitini ilikubali programu, na mpaka leo sijui kwa nini ilikubali. Nasema sijui na wala sioni haya. Nimetengeneza redio, ampilifaya, televisheni za chogo na vijisanduku visivyo na jina hapa Ngamiani tangu ndevu zangu zilipokuwa nyeusi, kwa elimu ya darasa la tatu na macho yangu mwenyewe, na vitu vingi nilivijua. Hiki sikukijua, nikakitengeneza hivyo hivyo.

Wewe kijana unayekaa kibandani unafumua simu za watu, na wewe binti uliyetoka chuo na kompyuta begani, kaeni mnisikilize. Kufanya kazi ukiwa unajua, hata mbuzi anaweza. Kamba yake anaijua na jani lake analijua. Mimi nataka kuwaambia habari ya kufanya kazi ukiwa hujui, maana huko ndiko mtakakokaa siku nyingi.

Kwanza bodi yenyewe. Ni kibao cha kijani, ukubwa wa kiganja, kimekaa ndani ya sanduku la bati kati ya maiki ya muadhini na ampilifaya. Wenye vyeti wana jina lake refu. Kazi yake ni kuichukua sauti, kuigeuza hesabu, kuipigia hesabu, kisha kuirudisha kuwa sauti, upesi, hata aliyesema hajafunga mdomo. Lakini ubongo wake ni msahaulifu. Ukizima umeme, akili yote inatoka. Ukiwasha, unakwenda kwenye ghala dogo pembeni, kijichipu chenye miguu minane, unasoma programu yake upya mwanzo mpaka mwisho, ndipo unakuwa na akili tena. Ni kama mwanafunzi wa madrasa anayesahau alifu kila akilala. Asubuhi akikuta ukurasa umechanika, anakaa kimya. Bodi yetu ikikaa kimya, taa nyekundu inapepesa, basi.

Aliyeiunda ni Injinia Neema. Alikuja Tanga kwa mafunzo ya vitendo, binti wa Kisambaa wa upande wa Lushoto, baba yake mzee wa kanisa la Kilutheri. Alipanga chumba nyuma ya kibanda changu, na siku moja akaingia akiwa amekunja uso.

"Shikamoo babu. Ile spika ya msikitini mbona inapiga yowe?"

Nikamwambia marahaba, na nikamweleza habari ya Maalim Sufiani.

Maalim ni muadhini wetu. Ni Mbondei wa Muheza, mimi Mdigo, na utani wetu ni mkubwa kuliko urafiki wetu. Zamani akiadhini, koo lake lilikuwa halihitaji umeme. Kisha akaugua, wakampasua kooni, akatoka hospitali na sauti kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Maneno yote yamo, ila ni laini. Ukiongeza ampilifaya ili asikike, sauti inatoka kwenye spika, inarudi kwenye maiki, inatoka tena, inarudi, mpaka inakuwa yowe la kutoboa masikio. Ukipunguza, Maalim anapotea.

Neema akasema linawezekana. Akakaa nami miezi akiunda ile bodi, mimi nikilehemu na yeye akipiga hesabu. Alipoimaliza akanionyesha kwa kidole: "Babu, sauti inaingia hapa mbichi, inatoka pale imeiva. Hapa katikati ndipo inapopikwa." Nililipenda lile neno. Tangu siku hiyo kila mteja aliyeniuliza kile kisanduku ni nini nilimjibu kwamba ni chungu cha kupikia sauti. Likumbukeni hilo.

Kisanduku kikafanya kazi. Kilikuwa kinalisikia yowe kabla halijakua, kinalikata, kinaiacha sauti ya Maalim peke yake, laini, lakini inafika mpaka kwa wauza samaki. Neema akamaliza mafunzo, akapata kazi Dodoma. Kompyuta yake ya shule ikaungua huko pamoja na kila kitu kilichokuwamo, na programu ya bodi ikabaki mahali pamoja tu duniani: kwenye kompyuta kuukuu aliyoniachia juu ya rafu, chini ya kitambaa ili chumvi ya bahari isiile.

Sasa, mwezi wa Shaabani, kisanduku kikanyamaza. Taa nyekundu, inapepesa.

Haji Mgeni, mwenyekiti wa kamati, alikileta mwenyewe kwa mikono miwili. Maalim alikuwa nyuma yake. Haji si mtu mbaya, na alilisema mbele ya mwenyewe, jambo ambalo wengi wangelisemea uchochoroni.

"Fundi, mimi sina ugomvi na Maalim. Lakini Ramadhani hii watu watafuturu kwa adhana ya nani? Ya kunong'ona? Mwezi ukiandama na kisanduku hakijasema, maiki nampa yule kijana wa Chumbageni."

Yule kijana ana koo la tarumbeta. Na maiki ikishatoka mkononi mwa mzee hairudi. Haji hakulisema hilo, ila sote watatu pale tulilijua. Maalim akaangalia kanzu yake kama anayetafuta doa.

Basi tangu siku ile, kila baada ya adhuhuri Maalim akawa anakuja kukaa kwenye benchi langu. Haulizi. Anakaa tu na kikombe chake cha kahawa. Jirani yangu Chande, anayechomelea mageti na madirisha ya nondo, akampigia kelele: Maalim, huyo Mdigo ukimwachia kitu chako atakurudishia skrubu! Maalim akamnong'oneza kitu, na Chande ikambidi azime mashine, aje, ainame kusikia. Alikuwa amemwambia, "Hata hizo skrubu ni zake, si zangu." Niliona Chande anarudi kwenye kazi yake bila kucheka.

Jambo la kwanza mnalotakiwa kufanya na kifaa kigonjwa ni kukinusa. Msinicheke. Zamani mfanyabiashara mmoja wa machungwa wa Muheza aliniletea ampilifaya ya kutangazia, ile wanayofunga juu ya gari. Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kuipima na kuipimua. Mimi nilifungua kifuniko, nikanusa, nikanusa chungwa. Alikuwa anaiweka chini ya kiti anachokalia akimenya, maji ya machungwa yanaingia kwenye matundu, asidi inakula shaba taratibu. Nikaiosha kwa spiriti na mswaki, ikaimba. Kifaa kilichoungua kinanuka kuungua, kilicholowa kinanuka ukungu. Pua haina haja ya betri.

Kisanduku cha Maalim nilikinusa. Kilinuka chumvi, kama kila kitu Tanga. Kwenye vipini vya kuunganishia kulikuwa na kutu ya kijani, nikaisugua kwa kifutio cha penseli mpaka shaba ikang'aa. Nikawasha. Taa nyekundu.

Nikampigia Neema. Akanielekeza tuiandike programu upya kwenye lile ghala dogo. Nikaunganisha waya kutoka kompyuta mpaka kwenye bodi, nikabonyeza aliponiambia yeye, mshale ukatembea, ukafika nusu, ukasimama. Kompyuta ikaandika maneno mekundu ya Kizungu. Nilipiga picha nikamtumia. Akanieleza hivi: kompyuta inaandika ghalani, kisha inasoma ilichoandika ili ilinganishe. Ikikuta tofauti inagoma, na inataja chumba cha ghala ambamo tofauti imeonekana.

Tukarudia. Ikagoma chumba kingine. Tukarudia, ikagoma kingine tena. Mara ikapita karibu yote, mara ikagoma mlangoni. Neema akawa anasema haiwezekani, mimi nasema inawezekana, mbona ninaiona. Tukabaki tunasomeana herufi na sifuri kwenye simu kama watu wawili wanaobishana kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeijua.

Hapo nikamkumbuka marehemu Mzee Kombo, aliyenifundisha kazi. Alikuwa fundi umeme kwenye shamba la mkonge, mtu mkali, akikupa pasi ya lehemu anakupa upande wa moto ili ujifunze kuangalia. Siku moja aliniwekea mbele redio ya mtu wa Ushongo iliyokuwa inakoroma, leo stesheni hii, kesho ile, ukiigeuza inanyamaza, ukiigeuza tena inasema. Nilibadilisha vipuri mpaka nikaishiwa. Akaja, akaipindua juu ya gazeti, akaitikisa. Mchanga ukamiminika. Akaniambia maneno ambayo nawapa nyinyi bure: kosa linalokaa lina kiti, katafute kiti, kosa linalohama lina miguu, katafute anayelitembeza.

Kosa letu lilikuwa na miguu. Kwa hiyo programu haina neno, nikamwambia Neema, na ghala pengine halina neno. Kuna mtu anatikisa. Nikakaa nikaitazama taa ya kibanda changu. Chande akigusa nondo, taa inafifia. Akiinua, inarudi. Nikasema nimempata mwizi. Nikaenda kuazima betri ya gari, nikailisha bodi kwa betri badala ya umeme wa ukutani, nikabonyeza nikiwa na uhakika kamili.

Ikagoma. Chumba kingine.

Kusema kweli nilihuzunika. Uhakika ukivunjika unauma kuliko ujinga. Maalim aliniona, akasogeza kikombe chake cha kahawa upande wangu, nikanywa bila kumshukuru.

Nikabadilisha waya. Ule wa kwanza ulikuwa mrefu, umepita juu ya rafu ukazunguka nyuma ya kabati. Nikatafuta mfupi wa simu, wa shibiri moja. Sasa kosa likapunguza kutembea. Likawa linarudi chumba kile kile, karibu na mwisho wa programu. Nilimpigia Neema kwa furaha, akafurahi naye, na mtu mwingine angetuona wendawazimu, kufurahia kosa. Lakini nyinyi mkifika hapo furahini. Kosa limepata kiti.

Neema akafikiri, akasema, "Babu, tazama vile viswichi vinne vyeupe."

Ni viswichi vidogo kama punje za mpunga, unavisogeza kwa ncha ya sindano. Vyenyewe ndivyo vinavyoiambia bodi, ukiamka, amka mwenyewe kwa kusoma ghala, au kaa kitako uingoje kompyuta. Cha pili kilikuwa kimelala upande usio wake. Pengine nilikigusa nikisugua kutu, pengine tangu zamani. Akanieleza kwamba kikiwa hivyo bodi inajaribu kuamka wakati wewe unajaribu kuivisha nguo, lazima mgombane. Hilo nililielewa mara moja. Nina wajukuu.

Nikakisogeza. Simu iko sikioni, Chande anachomelea, Maalim yuko benchini, jua la adhuhuri linaingia mpaka mezani. Mwezi ulikuwa karibu kuandama. Watu wamekwisha kuanza kununua tende. Neema akasema, "Haya babu. Sasa pakua."

Vijana, simameni hapa kidogo.

Mimi ni mtoto wa Kiswahili. Kupakua nilikujua kabla sijajua kusimama. Mama anasema pakueni, chakula kinatoka chunguni kinakwenda kwenye sahani. Angetaka kitu kiwekwe ndani ya chombo angesema pakia, kama mkonge unavyopakiwa kwenye lori. Mbele yangu kwenye kompyuta kulikuwa na vidude viwili vya kubonyeza. Kimoja kina mchoro wa kompyuta, mshale, halafu mchoro wa bodi. Kingine kina mchoro wa bodi, mshale, halafu mchoro wa kompyuta. Siku zote alikuwa akiniambia andika, nami nikibonyeza cha kwanza; leo amebadilisha neno, basi nikajiuliza chungu ni kipi. Chungu ni pale inapopikwa sauti, alinionyesha mwenyewe kwa kidole. Chungu ni bodi. Basi kupakua ni kutoka kwenye bodi.

Nikabonyeza kile cha pili. Kompyuta ikauliza kitu kwa Kizungu, maneno mengi yenye alama ya kuuliza. Nikabonyeza ndiyo. Mshale ukatembea bila kusita, ukafika mwisho, ikatokea tiki ya kijani.

"Imekubali," nikasema.

Neema kule Dodoma akapiga vigelegele ofisini mwao, nikavisikia. Maalim akainuka, akanishika bega, akatoka. Nilijua anakwenda kumwambia mkewe. Sikumzuia, na kwa nini nimzuie, tiki si ya kijani?

Nikawasha kisanduku. Taa nyekundu, inapepesa.

Nikazima nikawasha. Nikapuliza. Nikaangalia viswichi. Kila kitu kinasema ndiyo na kisanduku kinasema hapana. Nilihangaika pale mpaka Maalim akarudi na uso wa mtu aliyekwisha kutangaza, akaiona taa, akakaa polepole kwenye benchi. Neema akaniambia nimpigie picha lile faili la programu. Nikapiga. Akasema faili limenenepa, lilikuwa dogo, sasa ni kubwa mara nyingi. Kisha akauliza:

"Babu, ulipakua kutoka wapi?"

"Kutoka chunguni."

"Chungu ni kipi?"

"Bodi. Si ndimo inamopikwa?"

Kisha akasema taratibu, kama anayempa mtu habari ya msiba, "Babu, chungu kilikuwa kompyuta."

"Na sahani?"

"Bodi."

"Mwanangu, mtu anapika kwenye sahani?"

Sauti aliyoitoa sijui ilikuwa kicheko au kilio. Akanieleza. Kwa watu wa kazi yake, kuitoa programu kwenye kompyuta kuishusha kwenye bodi ndiko kupakua. Lakini kwenye simu, kuvuta wimbo kutoka huko hewani kuja kwako nako ni kupakua. Neno moja, mara linakwenda ng'ambo, mara linarudi, kama kivuko cha Pangani, na anayejua linakoelekea ni yule aliyekwisha kupanda. Nilimwambia kwamba Kiswahili sikukikosea. Akasema hapana babu, hukukikosea. Hata yeye hakukikosea. Hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote: wawili tulisema sawa, tukasikia sawa, na kitu kimeharibika.

Maana kilichoharibika ni hiki. Yale makorokoro yaliyokuwamo ghalani nilikuwa nimeyapakua nikayamwaga juu ya faili la programu kwenye kompyuta. Lile swali la Kizungu lilikuwa linauliza kama nina hakika ya kufuta la zamani. Na la zamani lilikuwa hilo hilo moja duniani.

Maalim alikuwa amesikia. Akainama kunikaribia.

"Kwa hiyo imekwisha?"

"Sijui, Maalim."

"Mdigo, leo umesema sijui mara nyingi kuliko maisha yako yote."

Alitabasamu aliposema hivyo, lakini alipotoka aliacha kahawa yake haijanywewa. Alasiri ile aliadhini bila kisanduku. Nilikuwa mlangoni kwangu, nikaona midomo ya watu barabarani ikiuliza kama adhana bado au tayari.

Kesho yake asubuhi Neema akapiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hakulala vizuri. Akaniuliza swali moja la ajabu: lile ghala nililisoma lote, au kipande?

Nikamjibu kwamba mimi nikipakua, nakwangua.

"Basi nitumie hilo faili nene, babu. Lote."

Nikalituma kwa watsapu. Lilichukua muda, mtandao unakwama na kuachia. Mchana akapiga tena, na safari hii alikuwa anacheka kabla hajasema shikamoo. Siku za mwanzo kabisa, kabla hajaimaliza kazi yake vizuri, alikuwa ameandika programu ya kwanza akaiweka kwenye vyumba vya chini vya ghala. Baadaye akaandika iliyo bora akaiweka juu, ya kwanza akaisahau. Haikuwapo kwenye kompyuta yoyote. Ilikuwa imebaki chini ya ghala miaka yote hiyo, na mimi kwa kukwangua chote niliipandisha nayo.

"Ukoko," nikamwambia.

"Naam, babu?"

"Umepata ukoko. Wali umemwagika, ukoko umebaki chini."

Wasambaa nao wanaujua ukoko. Akaukata ule ukoko peke yake kutoka kwenye faili nene, akausafisha, akanirudishia.

Safari hii sikubonyeza kitu kabla ya kumwambia, sema kwa kinywa chako, kutoka nini kwenda nini. Akasema, kutoka kompyuta kwenda bodi. Nikasema, kutoka kompyuta kwenda bodi. Nikaweka kidole kwenye mchoro wa kompyuta, nikakipeleka kwenye mshale, nikakipeleka kwenye mchoro wa bodi, kama mtoto anayejifunza kusoma. Maalim alikuwa amesimama nyuma yangu, hakukaa. Nikabonyeza.

Ikafika mwisho. Tiki. Nikazima, nikarudisha viswichi, nikawasha. Taa nyekundu ikapepesa mara moja, kisha ikawaka ya kijani, ikatulia.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniudhi. Kisanduku kilipokwisha kupona nilitaka kujua ugonjwa ulikuwa nini. Nikaurudisha ule waya mrefu, nikapakia programu tena. Ikakubali. Nikaondoa betri, nikarudi kwenye umeme wa ukutani huku Chande anachomelea na taa inafifia. Ikakubali. Nikakilaza kile kiswichi upande mbaya. Ikakubali! Nikampigia Neema nikiwa na hasira. Akasema labda programu ya zamani ni fupi, haifiki kwenye vile vyumba vya mwisho vilivyokuwa vinagoma. Nikamuuliza, na siku zile kosa lilipokuwa linatembea, kwani vyumba vya mwanzo navyo si viligoma? Akasema labda ile kutu, labda joto la majaribio limekausha unyevu. Labda ya injinia ni labda iliyosoma, lakini nayo ni labda. Tulikubaliana hivyo, tukaachana kwa amani.

Kwa hiyo msije kuniambia Fundi alisema waya mfupi ndio dawa, au betri ndiyo dawa. Sikusema. Tumieni waya mfupi, tumieni betri, anzeni na umeme kabla ya kulaumu programu, badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Na kabla ya kugusa kitu ambacho kiko kimoja duniani, fanyeni nakala, kisha muulizane kwa Kiswahili cha jikoni: chungu ni kipi, sahani ni ipi. Mkisikia majibu mawili, acheni kila kitu mkanywe chai.

Alasiri ile tulikifunga kisanduku msikitini. Haji Mgeni alisimama mlangoni, mikono nyuma. Neema alikuwa ameniambia kabla kwamba ukoko si wali. Programu ya zamani inakata yowe vizuri lakini haipandishi sauti sana, nisiongeze ampilifaya kupita alama aliyoniambia. Sikuongeza. Maalim akasogea kwenye maiki, akaweka mikono masikioni, akaanza.

Haikuwa kubwa. Nawaambia ukweli, ilikuwa ndogo kuliko mwaka uliopita. Lakini ilikuwa safi, hakuna yowe, kila herufi imekaa mahali pake. Nilitoka nje nisikie inafika wapi. Muuza nazi alikuwa ameshika nazi na panga, hajaipiga. Mtu wa baiskeli ameshuka anaisukuma. Na kule kwangu Chande amezima mashine, amevua miwani yake myeusi, amesimama. Ngamiani nzima ilikuwa imeshusha sauti yake ili ile ndogo ipite.

Haji Mgeni alinifuata nje, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yule kijana wa Chumbageni nitampa tarawehe," akaingia ndani kuswali.

Siku iliyofuata, mwezi bado haujaandama, baada ya adhuhuri Maalim alikuja kama kawaida, safari hii na sahani iliyofunikwa kawa. Akaiweka juu ya meza yangu katikati ya nyaya. Nikafunua. Ukoko wa wali wa nazi, mwekundu, umekauka vizuri, bado una joto.

"Mke wangu alitaka kuuroweka autupe," akasema. "Nikamwambia, hebu upakue."

Nilikwisha kufungua mdomo.

"Mdigo," akasema, "kula kabla hujaniuliza kutoka wapi."

Alisema kwa sauti yake ile ile ya mchele, wala hakuinama kunikaribia. Chande alikuwa amerudi kwenye mageti yake, cheche zinaruka, taa yangu inafifia na kuwaka. Nilimsikia vizuri kabisa.